Ugeni Hukomaza, Wazazi Hungoja

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mtakwenda ughaibuni kutafuta elimu na riziki. Tumtazame Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier mwaka 1325, akiwa na miaka 21, akawaacha wazazi wake hai. Alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akawa kadhi Delhi na Maldives. Ugeni ulimkomaza, akajua kuishi na watu wa desturi nyingi. Lakini mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo alipoambiwa kuwa baba yake alikwishafariki miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, njiani kurudi kwao, akapata habari ya kifo cha mama yake.

Sisi leo tuna simu. Basi msafiri ajihesabu kila usiku: nimejifunza nini, na je, wazazi wangu nimewajulia hali?