Je, Wajua? Nasaba za Weusi Huru wa Virginia

Je, wajua kwamba Virginia ilikuwa na Waafrika huru wenye mashamba zaidi ya miaka 100 kabla Marekani haijapata uhuru? Anthony Johnson aliingia koloni hilo mwaka 1621, akaandikwa kwa jina "Antonio". Mwaka 1651 alimiliki ekari 250. Miaka miwili baadaye moto ukamuunguzia shamba, na mahakama ikamsamehe mkewe Mary na binti zao wawili kodi ya kichwa maisha yao yote. Ni hati ya kodi tu, lakini ndani yake imo familia! Na mjukuu wa Anthony aliponunua shamba Maryland mwaka 1677, alilipa jina Angola.

Je, wajua kwamba kodi yenyewe ni ushahidi wa nasaba? Mke wa Mzungu hakutozwa. Mwanamke mweusi alitozwa, na sheria ya mwaka 1668 ikakazia kwamba hata akiwa huru atalipa. Kwa hiyo mtafiti akikuta mke amehesabiwa pamoja na mumewe kwenye orodha ya walipa kodi, anajua ameshika uzi wa kweli. Dhuluma ile iliwaumiza wenyewe. Wajukuu wao leo wanaisoma kutafuta majina.

Je, wajua kwamba mwaka 1656 Elizabeth Key, binti wa Mwingereza na mama Mwafrika, alishinda kesi ya kudai uhuru wake? Mwaka 1662 sheria mpya ikafunga njia hiyo ya kudai uhuru kupitia baba: mtoto atafuata hali ya mama, awe huru au mtumwa.

Ndiyo maana, kama alivyoonyesha mtafiti Paul Heinegg, familia nyingi huru za Virginia na North Carolina zinaanzia kwa bibi mweupe, mtumishi wa mkataba aliyezaa na mwanamume mweusi. Kwa sheria ya mwaka 1691 mtoto wa namna hiyo alifungwa utumishi hadi afike miaka 30. Thelathini! Mashauri hayo yaliandikwa mahakamani, pamoja na jina la mama.

Je, wajua kwamba ukoo wa Driggers ulianza na Rodrigues, jina la Kireno? Emanuel Driggus, babu wa ukoo huo, aliishi Northampton, wilaya ile ile ya akina Johnson. Kumbukumbu nyingi za Virginia ziliteketea Richmond mwaka 1865, ila za mahakama ya Northampton zipo mfululizo tangu 1632.