Shule ikikatika: jinsi ya kupanga siku ya masomo nyumbani

Kila msimu wa mvua, wakazi wa Gitaza huishi na hofu ya maporomoko ya udongo. Yale ya mwaka 2015 yaliharibu nyumba nyingi na kuziacha familia bila makazi. Kwa upande mwingine, zipo familia zilizovuka ziwa kutoka Fizi, kama maelfu ya watu waliofika Burundi Januari 2018. Sababu ni tofauti, lakini tatizo ni lile lile: mtoto anakaa nyumbani wiki au miezi bila kusoma.

Kwa nini ratiba ni muhimu?

Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, na madarasa yote yakafunguliwa tena Januari 2022. Watoto wengi hawakurudi. Wengine walikuwa wameshazoea kutafuta pesa, na wasichana wengine walikuwa wamepata mimba au kuolewa. Mtoto mwenye saa yake ya daftari kila siku bado anajiona mwanafunzi, na kurudi kwake ni rahisi zaidi.

Mfano wa ratiba (saa za Kiswahili)

• Saa 12 hadi saa 2 asubuhi: kuamka, kuteka maji, kufagia, kunywa uji.
• Saa 2 hadi saa 3 na nusu: kusoma, kuandika na hesabu. Katikati, pumziko la dakika kumi.
• Saa 3 na nusu hadi saa 6: kazi za nyumbani na mchezo.
• Saa 6 hadi saa 9: chakula na kupumzika.
• Saa 9 hadi saa 10: mkubwa anamsomea mdogo, au wanarudia somo la asubuhi.
• Jioni kabla ya giza: hadithi na vitendawili.

Saa mbili na nusu zinatosha kwa mtoto wa shule ya msingi, kwa sababu nyumbani hayuko na wenzake makumi darasani. Jambo kubwa ni kutoruka siku.

Fuata kazi ya familia yako

Kama mama anawahi ufukweni alfajiri kununua ndagala na kuzianika, masomo yaanze akisharudi. Kama baba amevua usiku kucha na sasa amelala, watoto wasomee nje, chini ya mti. Mwezi unapokuwa mpevu na mitumbwi ya taa imepumzika, baba naye achukue zamu ya kufundisha. Kazi yenyewe pia ni somo: mtoto ahesabu mafungu ya ndagala, ajumlishe mauzo, atoe gharama, aone faida.

Kama mzazi hajui kusoma

Bado unaweza kusimamia. Mwambie mtoto akueleze alichosoma, kisha muulize, "Kwa nini?" Tazama daftari kila jioni: je, kuna ukurasa mpya?

Usisahau lugha

Katika shule za Burundi, miaka ya kwanza hufundishwa kwa Kirundi, kisha Kifaransa kinashika nafasi. Mtoto aliyetoka Kongo na Kiswahili chake atahitaji Kirundi mapema. Dakika kumi na tano kila siku na watoto wa jirani zinasaidia sana, nao wapate Kiswahili kwake.

Masomo ya nyumbani si mbadala wa shule

Daftari la nyumbani halitoi cheti. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Burundi imeuridhia, unampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi, na Burundi iliondoa karo ya shule ya msingi mwaka 2005. Nenda kwa mkurugenzi wa shule iliyo karibu, hata katikati ya mwaka. Beba vitambulisho, ripoti za shule kama zipo, na daftari za nyumbani: zitamwonyesha mwalimu mtoto amefika wapi. Kama karatasi zilipotea njiani au kwenye maporomoko, nenda hivyo hivyo ueleze.