Ubongo Una Ulaji

Tembo wa Pori la Akiba la Rungwa, kusini mwa mkoa wa Singida, ana ubongo wa kilo nne na ushei. Wa binadamu ni kilo moja na robo, au zaidi kidogo. Kama ukubwa ndiyo akili, leo tembo ndiye angekuwa getini akiwatoza watu kiingilio.

Mbrazili Suzana Herculano-Houzel alilifumbua fumbo hili kwa njia inayochefua kidogo: ubongo unayeyushwa mpaka unakuwa mchuzi, kisha viini vya seli vinavyoelea humo vinahesabiwa kwa hadubini. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitangaza kwamba binadamu ana seli za neva bilioni 86 hivi. Mwaka 2014 ikaja zamu ya tembo, naye akakutwa na bilioni 257. Mara tatu! Ila karibu zote zimejazana kisogoni, kwenye ubongo mdogo unaoratibu mienendo ya viungo, na mkonga si kiungo cha mchezo. Kwenye gamba la juu, panapofanyika kazi ya kupanga, kukumbuka na kusema, tembo ana bilioni 5.6 tu. Binadamu ana 16.

Chombo cha namna hiyo kina ulaji. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini mwili ukiwa umepumzika unakula kama asilimia 20 ya nishati yake. Kwa mtoto ndiyo balaa: akikaribia miaka mitano, ubongo unachukua zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote anayotumia kwa siku, ndiyo maana mwili wake katika umri huo hukua taratibu mno. Na mtoto huyo bado hawezi kujitafutia chakula cha kumtosha. Nani anamlisha?

Jibu moja limepatikana kwa Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi. Upande wa Singida wapo Munguli, wilaya ya Mkalama. Miaka ya 1980 Mmarekani Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe wa Eyasi wakipima nani analeta nini kambini. Nyama kubwa ilikuwa bahati nasibu: mwindaji aliweza kumaliza wiki kadhaa bila kuangusha mnyama wa maana. Walioshangaza ni akina bibi. Wanawake waliokwishapita umri wa kuzaa walishinda porini wakichimba mizizi, na mama alipojifungua mtoto mwingine, uzito wa mjukuu aliyeachishwa ziwa ulikwenda na bidii ya bibi yake.

Sokwe jike wa Gombe, kule Kigoma, hana msaada huo. Mwanawe akishaacha kunyonya hujitafutia mwenyewe, na mama huzaa tena baada ya miaka mitano au sita. Binadamu, hata anayeishi kwa kuwinda na kuokota matunda, huweza kuzaa kila baada ya miaka mitatu hivi, huku vichwa viwili vitatu vyenye njaa vikimsubiri nyumbani.

Wapo wanaobisha kwamba bibi ndiye jibu. Baadhi wanaipa nyama uzito zaidi. Richard Wrangham wa Harvard anautaja moto, kwa kuwa chakula kilichopikwa humpa mlaji nguvu nyingi kwa kutafuna kidogo. Lakini hoja hizi hazilazimiki kupigana, maana mizizi ya bibi nayo hupitishwa motoni.

Kuipata kwenyewe kunataka ujuzi. Mchimbaji hugongagonga ardhi akisikiliza mlio unavyobadilika palipo na mzizi, kisha anafukua kwa mti uliochongwa ncha na kukomazwa motoni, huku akibandua mawe kwa mkono. Watoto wako kando na vijiti vyao vifupi, wakichimba wanachoweza. Moto unawashwa papo hapo, mizizi inababuliwa kwa dakika chache na kumenywa, na kila mmoja anatafuna kipande chake, anafyonza utamu, anatema nyuzi.