Kichupa cha kutikiswa

Ndani ya boksi la triamsinoloni, steroidi ya sindano, kuna karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na humo kuna agizo fupi: kitikise kichupa kabla ya kutumia. Agizo hilo ndilo lililonikwamisha. Dawa nyingi za sindano tulizozoea ni maji maangavu. Hii ikikaa rafuni hujitenga, maji yakabaki juu na tabaka jeupe likatuama chini. Ukiitikisa inakuwa tui.

Tabibu mmoja wa Mikumi, aliyeomba nisimtaje jina, ndiye aliyenieleza siri ya weupe ule. Ni chembe za dawa ambazo hazijayeyuka. Zikichomwa kwenye goti, huyeyuka polepole na nafuu ikadumu kwa wiki kadhaa; ndiyo maana dawa hii inapendwa. Kasheshe ni ikichomwa mgongoni. Kati ya pingili hupita mishipa myembamba ya damu, na baadhi yake ndiyo inayoulisha uti wa mgongo wenyewe. Ncha ya sindano inaweza kuingia humo bila mchomaji kuhisi. Chembe hushikana, zikawa mabonge makubwa kuliko seli nyekundu za damu, na mshipa ukaziba. Uti ukikosa damu, miguu inaweza kupooza mgonjwa akiwa bado kitandani. Shingoni ni balaa zaidi, kwa sababu mishipa ya pale hupanda hadi kwenye ubongo. Deksamethasoni, steroidi iliyo maangavu, haina chembe kubwa za namna hiyo, na wataalamu wengi huiona salama zaidi kwa upande huo.

(Akina mama wasitishike: ganzi ya mgongoni wakati wa upasuaji wa uzazi ni dawa nyingine kabisa.)

Madhara haya ni nadra, na wengi huchomwa wakarudi nyumbani salama. Hata hivyo, tarehe 23 Aprili 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo liwekwe kwenye lebo za steroidi za sindano zinazochomwa mgongoni: upofu, kiharusi, kupooza, kifo. Ilikumbusha pia kwamba haijawahi kuidhinisha steroidi kwa kuchomwa mgongoni namna hiyo. Miaka miwili kabla, steroidi ya sindano iliyotengenezwa na kampuni ya New England Compounding Center huko Massachusetts ilikutwa na fangasi. Zaidi ya watu 750 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na hesabu ya mwaka 2013 ilionyesha vifo 64.

Mikumi migongo inauma. Kuna madereva wa malori ya TANZAM, kuna wakata miwa wa Ruaha na Kidodi, kuna mama aliyeinamia jembe tangu utotoni. Wanataka kitu cha kuwarudisha kazini kesho. Tabibu wangu hachomi mgongo wa mtu. Anasema kazi hiyo inahitaji mafunzo na eksirei inayoonyesha sindano ikitembea, na yeye hana hata kimoja.

Ila chembe hizo sizo zinazomnyima usingizi. Anachohofia ni mgongo wenyewe kutojulikana unaumwa nini. Kifua kikuu hukaa hadi kwenye pingili. Brusela, inayoweza kutokana na maziwa mabichi, huuma vivyo hivyo, na Kilosa, wilaya ilimo Mikumi, ni ya mifugo. Steroidi, hata ikichomwa takoni, hupoza maumivu na kuidhoofisha kinga. Mgonjwa akaisifia sindano huku pingili ikiendelea kuliwa. Mwenye kisukari, sukari nayo hupanda. Kwa hiyo kwanza anauliza kuhusu homa, jasho la usiku na kupungua uzito, kisha anaandika rufaa ya Morogoro, au ya taasisi ya mifupa ya Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, karibu kilomita 300.

Wapo wanaoipokea karatasi ya rufaa, wakapiga hesabu ya nauli na malazi, wakaikunja. Anaamini baadhi yao hupata sindano kwingine. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano, lakini nani analinda chumba cha nyuma? Na huko, kichupa kikitikiswa, nani anasoma kilichoandikwa?

TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Nilimuuliza ni nani angeijaza kwa ajili ya mtu aliyechomwa uchochoroni, kisha miguu ikafa ganzi wiki ileile. Alisema mjazaji ni yule atakayempokea, mradi mgonjwa akiri alikotoka. Na asipokiri?