Kalenda ya Mfukoni kwa Anayekwenda Kakuma

Kijana wa Pwani akipata kazi ya duka huko Turkana, wazee humuusia maji na kofia. Mimi niliyekaa Lodwar, nikienda Kakuma kila wiki kwa hesabu za duka, humwongezea daftari dogo la mfukoni na penseli.

Sababu ni maneno matatu: "mwisho wa mwezi". Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na sokoni wapo Wasomali, Wasudani Kusini, Waethiopia, Wakongo na wenyeji Waturkana. Mwaka 2015 sehemu ya posho ya wakimbizi ilianza kuja kwa simu, ile Bamba Chakula, na wengi wamekuwa wakikopa dukani wakiingoja posho. Mteja akisema atalipa mwisho wa mwezi, ni mwezi upi? Muislamu huenda anahesabu wa kuandama. Muethiopia ana miezi 12 ya siku 30, kisha kamwezi ka siku 5 au 6, na mwaka huu wa 2026 mwaka wake mpya unaingia Septemba 11. Tusimshangae, babu zetu nao waliuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo, kumi kumi hadi 360, wakaongeza siku 5. Lakini siku kumi za tofauti zatosha kuvunja urafiki juu ya mfuko wa unga.

Chagua daftari lenye mistari 17 au zaidi kwa ukurasa. Ukurasa wa kwanza andika jina lako. Kisha kila mwezi upe kurasa mbili zinazotazamana: tarehe 1 hadi 16 kushoto, 17 hadi mwisho kulia, mstari wa juu ukiwa wa jina la mwezi. Miezi 12 yala kurasa 24. Gawa ukurasa safu nne: siku ya wiki, tarehe ya kizungu, tarehe ya Kiislamu, na ya nne, pana kuliko zote, ya maneno. Ijumaa zizungushie wino mwekundu.

Ukimaliza, jikague hivi: 4/4, 6/6, 8/8, 10/10 na 12/12 huangukia siku moja ya wiki kila mwaka. Mwaka 2026 zote ni Jumamosi. Moja ikienda kombo, umeruka mstari mahali.

Safu ya Kiislamu iandike kwa penseli, mwezi kwa mwezi, maana ni siku 29 au 30 na hujui mpaka uandame. (Anga la Turkana jeupe, wallahi, mwezi hauna pa kujificha kama kwetu wakati wa kusi.) Mimi huandika kwa majina yetu, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Rajabu, Shaabani na Ramadhani.

Mteja akikopa, usimwulize tarehe. Mfunulie daftari, mweke kidole kwenye mstari wa leo, mhesabu pamoja kwenda chini mpaka siku anayoikubali. Hapo andika jina, kitu na kiasi, naye atie sahihi au alama. Hata asiyejua kusoma anaziona siku zake. Simu ina kalenda, sawa, ila mteja ataaminije unachokibonyeza wewe peke yako?

Mwakani siku zitasogea moja: Januari 1, 2026 ilikuwa Alhamisi, 2027 itakuwa Ijumaa. Baada ya mwaka wa siku 366 husogea mbili. La zamani usilitupe mpaka madeni yake yaishe.