Buriani za Utani: Lugha ya Kuagana na Kubashiri Miongoni mwa Wahitimu wa Sekondari katika Nyanda za Juu za Kigoma

1.0 Utangulizi

Wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, shule za sekondari nchini Tanzania hufanya mahafali. Sehemu rasmi ya sherehe hiyo inafahamika vyema: mgeni rasmi hukaribishwa, risala ya wahitimu husomwa, mkuu wa shule hueleza mafanikio na matatizo, mgeni rasmi huahidi saruji au vitabu, na vyeti hutolewa. Katikati ya ratiba hiyo, na zaidi pembeni mwake, kuna lugha ya namna nyingine. Mhitimu husimama akamwigiza mwenzake anayeketi naye dawati moja. Mwingine husoma "wasia" wa kidato cha nne kwa wadogo wanaobaki. Madaftari ya otografu hupitishwa kutoka kitanda hadi kitanda bwenini, na kila anayeandika humbashiria mwenye daftari maisha ambayo hakuna aliyemwomba. Makala hii inachunguza lugha hiyo ya pembeni: imeundwaje, inafanya kazi gani, na ni wapi inapostahili kuwekwa katika uainishaji wa tanzu za fasihi ya Kiswahili.

Mazingira yanayozingatiwa ni nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, na hasa Kabanga. Kabanga inayozungumziwa ni ile iliyo jirani na mji wa Kasulu, wala si Kabanga ya Ngara inayojulikana kwa nikeli. Hapa hospitali ya misheni ya Kikatoliki, chuo cha uuguzi na chuo cha ualimu vimekaa karibu karibu. Kwa hiyo kijana anayekulia hapo huona kwa macho, kila siku, aina tatu au nne za kazi ambazo elimu ya sekondari humfungulia mtu mlango. Jambo hili si dogo kwa mada hii, kwani bashiri huchekesha pale tu msikilizaji anapoweza kupima umbali kati ya mtu anayemjua na cheo anachopewa.

Mifano yenye namba iliyomo humu haikunukuliwa katika daftari la mtu yeyote. Imeundwa kwa kufuata viunzi vya kawaida vya utanzu huu ili kubainisha hoja za kisarufi na za kimatumizi.

2.0 Msamiati wa kuagana

Inafaa kuanza na maneno yenyewe, maana yanadokeza zaidi ya yale ambayo washiriki wa sherehe hukusudia. "Mahafali" limetokana na wingi wa neno la Kiarabu lenye maana ya mkutano au kusanyiko, na linashirikiana mzizi na "hafla". Kwa asili basi mahafali ni watu waliokusanyika. Habari ya kumaliza masomo imeongezwa na matumizi. "Kuhitimu" ndilo linalobeba maana ya kumaliza. Katika mwambao neno hilo lilihusu kwanza mtoto wa chuoni aliyefika mwisho wa kusoma Kurani. Mzizi huo huo umezaa "hitima", kisomo kinachosomwa kwa ajili ya marehemu. Kitenzi "aga" nacho kina nyuso mbili: mwanafunzi huwaaga wenzake, na mtu huaga dunia, waombolezaji huuaga mwili. Na "buriani" ni zaidi ya kwaheri, kwani wanaotakana buriani huombana radhi kwa kuwa huenda wasionane tena.

Kwa hiyo Kiswahili chenyewe kimekwisha kuweka kuhitimu na kufa katika chumba kimoja. Arnold van Gennep, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu ibada za mpito, alieleza kuwa jamii nyingi humchukulia anayevuka hatua ya maisha kama mtu aliyekufa kwa muda. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali hivyo kutafuta ushahidi, kamusi inamtosha.

3.0 Utani na haki ya kumkejeli anayeondoka

Katika makala yake ya 1940, A. R. Radcliffe-Brown aliueleza uhusiano wa utani kuwa ni hali ambapo mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumfanyia mwenzake dhihaka, na mwenzake hana haki ya kukasirika. Miaka minne baadaye R. E. Moreau aliandika kuhusu utani katika Tanganyika, na tangu hapo imekuwa kawaida kuueleza utani wa makabila kwa misafara, vita na ujirani wa zamani. Lakini kuna upande mmoja wa utani ambao ndio ufunguo wa mada hii: kazi ya mtani msibani. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani hufika kwenye matanga akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akadai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Waliofiwa hucheka wakiwa wanalia. Mtani ana uhuru huo kwa sababu yeye si mfiwa.

Mhitimu anayemwigiza mwenzake mbele ya wazazi anafanya kazi hiyo hiyo. Hana ukoo wala kabila la kumpa haki ya utani. Haki hiyo ameipata kwa miaka minne ya kulala bweni moja na kugombea ndoo moja. Ndiyo maana mwalimu mgeni, au mwanafunzi aliyehamia mwaka wa mwisho, akijaribu mzaha ule ule huonekana ametukana. Utani wa shule ni utani wa rika. Una kikomo, na kikomo chenyewe ni siku ya mahafali: wakikutana baada ya miaka mingi, watu wazima hulazimika kupapasa kwanza kama haki ile bado ipo.

4.0 Bashiri na sarufi yake

Bashiri za utani hutumia wakati ujao wa -ta- kwa namna ya mkato, bila "huenda" wala "labda":

(1) Huyu atakuwa daktari bingwa wa usingizi.

Sentensi hii inasemwa juu ya mwanafunzi anayesinzia darasani. Kichekesho kimesimama juu ya kihusishi -a cha uhusiano. Daktari wa usingizi, katika Kiswahili cha hospitali, ni yule anayemlaza mgonjwa kabla ya upasuaji. Lakini "wa usingizi" yaweza pia kuwa sifa ya mwenyewe, kama tunavyosema "mtu wa maneno". Maana ya kwanza inampandisha cheo, ya pili inamrudisha kwenye dawati lake. Mzazi anayesikia anaweza kujivunia maana ya kwanza hata kama darasa zima linacheka ya pili. Mahali kama Kabanga, ambapo hospitali iko hatua chache kutoka barabarani, maana zote mbili ziko karibu.

Kiunzi cha pili hutumia nyakati ambatani:

(2) Atakuwa dereva wa basi la Kibondo, na abiria watakuwa wamekwisha kufika Kasulu kwa miguu.

(3) Atakuwa Mbunge wa Muhambwe, na Spika atakuwa bado anamwomba akae.

Katika (2) "watakuwa wamekwisha kufika" inaweka tukio lililokamilika ndani ya wakati ambao haujaja. Katika (3) "atakuwa bado anamwomba" inaweka tukio lisilokwisha. Mchelewaji na msemaji wamehamishiwa mbele pamoja na tabia zao. Hapa ndipo bashiri ya utani inapotofautiana na ndoto ya kazi inayoandikwa katika insha za darasani: insha humbadilisha mtu, bashiri hubadilisha mazingira tu na kumwacha mtu alivyo. Kwa maneno mengine, cheo ni cha kubuni lakini tabia ni ya kweli, na msikilizaji anatakiwa kuitambua. (Jina la jimbo katika (3) nalo lina historia yake, kwani Muhambwe ni jina la utawala wa kijadi wa Buha ambalo limeendelea kuishi katika ramani ya uchaguzi.)

Jambo la tatu la kisarufi ndilo lenye uzito zaidi. Katika daftari hilo hilo la otografu, mwandishi akimaliza mzaha na kutaka kusema jambo la dhati, kwa kawaida huacha -ta- na kuingia katika hali ya matilaba: Mungu akujalie, ufike salama, usinisahau. Mzaha hutabiri, upendo huomba. Mpaka kati ya viwili hivyo hauhitaji alama nyingine, kwa sababu umewekwa na kiambishi na irabu ya mwisho wa kitenzi. Msomaji wa daftari anajua mara moja ni mstari upi auchekee na upi autunze.

5.0 Kinachorukwa

Pamoja na uhuru wote uliokwisha kuelezwa, kuna jambo ambalo bashiri hizi hukwepa. Zinaanzia miaka kumi au ishirini mbele. Hazisemi lolote kuhusu mwezi wa mtihani wala kuhusu siku ya matokeo, ambayo kwa kidato cha nne kwa kawaida huwa Januari. Kanushi la "huta-" juu ya kufaulu halisikiki. Si kwamba wanafunzi hawana mzaha kuhusu kufeli. Msemo "msuli tembo, matokeo sisimizi" umeenea nchi nzima, na kila bweni lina misamiati yake ya pepa ngumu na alama za aibu. Lakini mzaha huo ni wa soga za usiku, tena mara nyingi mtu huusema juu ya nafsi yake mwenyewe. Haupandi jukwaani mbele ya wazazi.

Sababu yake haiko mbali. Nafasi za kidato cha tano na za vyuo ni chache kuliko wahitimu, na wengi wa wanaobashiriwa ubunge na ubingwa wanajua hivyo. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004 ulileta shule katika kata, na kufutwa kwa ada za kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016 kuliongeza waliofika mwisho. Mahafali yakawa tukio la kila kata. Mlango wa mbele haukupanuka kwa kasi ile ile. Katika mkoa ambao enzi za ukoloni ulikuwa hazina ya vibarua, ambako kijana wa Kiha aliaga nyumbani kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya mbali, kuondoka hakujawahi kuwa neno jepesi. Kuruka miaka kumi ni kuuruka mwaka mmoja unaoogopwa. Anayesema "utakuwa daktari wa usingizi" amekwisha kumvusha mwenzake ng'ambo ya matokeo bila kuyataja, na mwenzake, akicheka, amekubali kuvushwa.

Kwa kidato cha sita hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa serikali nayo imekuwa ikiwaandalia wahitimu wakati ujao. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa 1963. Wasomi walipolazimishwa kujiunga nalo mwaka 1966, wanafunzi waliandamana, na walioandamana walifukuzwa chuo. Azimio la Musoma la 1974 likataka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Mafunzo ya JKT kwa wahitimu yalisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Mzaha wa gwaride na kombati, ambao kizazi kizima kiliusikia kwa kaka zao tu, ukapata tena watu wa kuuishi.

6.0 Wasia

Desturi ya kuandika bashiri na wasia wa darasa inajulikana pia katika shule za Marekani tangu karne ya 19, na daftari la marafiki lilianza miongoni mwa wanafunzi wa Wittenberg katika karne ya 16. Kufanana huko kusipewe uzito kupita kiasi. Wasia wa bwenini una mwelekeo wake:

(4) Mimi, marehemu mtarajiwa, nikiwa na akili timamu ingawa mwalimu wa hisabati hakubali, namwachia kidato cha kwanza kitanda changu cha juu pamoja na kunguni wake wote, ambao wasigawanywe.

Rejista ya mahakama imeigwa kwa usahihi: utambulisho wa mwosia, tamko la akili timamu, kitenzi cha utendaji "namwachia", sharti mwishoni. Kwa mujibu wa J. L. Austin (1962), tamko la aina hii hubatilika masharti yake yasipotimia, na hapa mwosia hajafa na kitanda ni mali ya shule. Hata hivyo, mara nyingi aliyetajwa ndiye anayekilalia kitanda hicho muhula unaofuata, na ndoo, fyekeo na madaftari ya masomo huenda kweli kwa waliotajwa. Mzaha umetenda kile ambacho sheria isingeutambulia.

7.0 Suala la uainishaji

M. M. Mulokozi (1989), katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyochapishwa katika Mulika, aliutambua utanzu wa mazungumzo, na hotuba, malumbano ya watani na soga huwekwa humo. Buriani za wahitimu zinagusa vyote vitatu: husemwa kwa umbo la hotuba, kwa haki ya watani, kwa malighafi ya soga. Ugumu ni kwamba sehemu yake kubwa imeandikwa. Otografu si fasihi andishi kwa maana ya kawaida, maana haina hadhira zaidi ya waliomo ndani yake; wala si simulizi, kwani hudumu. Pendekezo linalofaa ni kuiita mazungumzo yaliyoandikwa, na kuitafiti kwa mbinu za fasihi simulizi: nani alimwandikia nani, wapi, mbele ya nani, kwa lugha ipi. Swali la lugha lina umuhimu wa pekee huku Buha. Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, Kiswahili ndicho lugha ya mzaha, na Kiha, kilicho kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda, huingia pale mwigizaji anapotaka sauti ya mzazi au ya bibi. Salamu moja ya "mwakeye" yatosha kuwaamsha wazee waliokuwa wakisinzia kwenye risala.

Atakayekusanya data hii atapaswa kuharakisha. Maktaba za shule hazihifadhi otografu. Ziko masandukuni mwa watu, na zimejaa majina halisi na siri za mapenzi, hivyo ridhaa ya wenyewe ni lazima. Zisizo masandukuni kurasa zake hung'olewa moja moja sokoni, zikafungiwa karanga.