Port Reitz na nyota zake: kinachoonekana kwa darubini ndogo na kinachofichwa na taa

Ukisimama uani Port Reitz baada ya swala ya Isha, upande mmoja una taa za uwanja wa ndege wa Moi. Upande mwengine una taa za bandari ya Kipevu, ambazo haziwezi kuzimwa kwa sababu meli hupakuliwa usiku kucha. Katikati kuna mulika mwizi za Chaani na Magongo. Mbingu juu ya yote haya haiwi nyeusi. Huwa na rangi ya majivu, kama moshi uliochanganyika na wekundu wa kutu.

Kwa hivyo mtu akisikia jirani amenunua darubini ya kutazama nyota, huuliza: nyota gani, na mbingu yenyewe ndiyo hii? Swali lina haki yake. Viko vingi vya kuona hata hapa hapa, kuliko wengi wanavyodhani. Lakini viko pia ambavyo wazee wetu waliviona bila chombo chochote na watoto wetu hawavioni.

Mbingu mbili mahali pamoja

Sisi tuko karibu digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na hiyo ni bahati ambayo watazamaji nyota wa Ulaya na Marekani hulipia tikiti ya ndege kuipata. Mtu wa London hawezi kamwe kuuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao. Mtu wa Cape Town hawezi kuziona zote nyota saba za Dubu Mkubwa. Sisi tunaviona vyote viwili, na usiku wa mwezi wa Mei tunaviona kwa wakati mmoja, mawingu ya masika yakiruhusu.

Lipo jengine linalotuhusu zaidi sisi Waislamu. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo: sisi tuko kwenye digrii 39 na kitu, na Makka vilevile. Maana yake ni kwamba kibla chetu ni kaskazini karibu kamili. Nyota ya Kaskazini yenyewe hatuioni, iko chini ya upeo wetu. Lakini nyota mbili za mbele za Dubu Mkubwa, Dubhe na Merak, huielekea. Mwanzoni mwa Mei, mnamo saa mbili na nusu usiku, nyota hizo mbili husimama wima upande wa kaskazini. Ukishusha mstari kutoka kwao mpaka chini, umekipata kibla bila dira wala simu, na Msalaba wa Kusini uko nyuma ya mgongo wako.

Majina ni yetu

Baadhi yetu hudhani elimu ya nyota ni mambo ya Wazungu. Tuangalie majina. Mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, anga likiwa kavu, kundi la Jabari husimama karibu utosini saa mbili usiku. Nyota yake ya mguuni vitabu vya Kizungu huiita Rigel. Hilo ni neno la Kiarabu rijl, yaani mguu. Karibu yake kuna Aldebaran, yaani mfuasi, kwa sababu hufuata Thuraya kila usiku. Na Thuraya ni Kilimia chetu, kile ambacho wakulima wa pwani walikitumia kujua majira, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ambayo Wazungu huiita Sirius, ni Shiraa, iliyotajwa katika Suratun Najm.

Mwaka 964 mwanachuoni Abdulrahman al-Sufi wa Isfahan aliandika kitabu cha nyota ambacho ndani yake alitaja kijiwingu kidogo kisichoyeyuka. Leo tunajua kijiwingu hicho ni kundi zima la mabilioni ya nyota, liitwalo Andromeda.

Na pwani yetu haikuwa mtazamaji tu. Tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ndiyo iliyosaidia wanasayansi kuitambua Cygnus X-1 kuwa huenda ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mtoto wa Ngomeni anayesoma fizikia hana haja ya kuambiwa kwamba sayansi ya anga iko mbali.

Darubini ndogo inafanya nini

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kutazama namba iliyoandikwa kwenye boksi: «hukuza mara 500». Namba hiyo haina maana. Kazi ya darubini si kukuza kwanza, ni kukusanya mwanga, na mwanga hukusanywa na upana wa kioo. Mboni ya jicho gizani hupanuka kufikia kama milimita 7. Kioo cha milimita 70 ni kipana mara 10, kwa hivyo hukusanya mwanga mara 100. Cha milimita 150 hukusanya zaidi ya mara 4 ya hicho. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya milimita za kioo. Darubini ya milimita 60 ikipita mara 120, unachoona ni ukungu mkubwa tu.

Kosa la pili ni miguu dhaifu. Darubini nzuri juu ya miguu inayotetemeka ni kama kusoma gazeti ndani ya matatu kwenye barabara mbovu. Ndiyo maana watu wengi hupendekeza aina ya Dobson, ambayo hukaa juu ya kisanduku cha mbao kinachozunguka. Fundi seremala yeyote wa Magongo akionyeshwa mchoro anaweza kukichonga.

Sasa, uani Port Reitz, taa zote zikiwaka, utaona nini? Mwezi, kwanza, na usingoje mpevu. Utazame ukiwa nusu, kwenye mstari wa mwanga na giza, ndipo vivuli vya milima na mashimo huonekana vizuri. Mushtari na miezi yake minne, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, ikibadilisha nafasi kila usiku. Zohali na pete zake, ambazo ukuzaji wa mara 40 au 50 unatosha kuzionyesha. Zuhura ikipungua na kujaa kama mwezi. Vitu hivi vina mwanga mwingi, na taa za bandari haziwezi kuvizima.

Tahadhari ni mbili. Usielekeze darubini kwenye jua kamwe bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya kioo, kwani jicho huungua kwa muda mfupi sana na halirudi. Na hapa pwani, unyevu na chumvi ni adui wa vioo. Darubini ikae kwenye boksi lenye vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, la sivyo kuvu huota juu ya lenzi. Kioo kisifutwe kwa pindo la kanga, hata kiwe na vumbi.

Kinachofichwa

Taa ikirushwa juu, mwanga wake hugonga vumbi, moshi na unyevu, ukatawanyika na kurudi chini. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hivyo mng'ao huo huzidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, uliotumia macho ya watu wa kawaida katika nchi nyingi, ulionyesha mng'ao wa anga uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Waandishi walitoa mfano: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 ataona kama 100 tu.

Kuna hasara moja ambayo naona inatugusa sisi hasa. Katika darsa za fiqhi tunafundishwa alfajiri mbili: ya uongo na ya kweli. Ile ya uongo husimama wima kama mkia wa mbwa mwitu, kisha hupotea. Ile ya kweli hutandaa upeoni. Wanasayansi wanaeleza kwamba ile ya kwanza ni mwanga wa jua unaopiga vumbi lililotapakaa kati ya sayari, na nchi zilizo karibu na ikweta ndizo zenye nafasi nzuri ya kuuona. Ustadh huku kwetu huwasomesha watoto jambo ambalo yeye mwenyewe pengine hajaliona, wala hataliona akiwa Changamwe. Akienda vijiji vya ndani ya Kinango, usiku usio na mwezi, ataliona.

Hilali nayo ina habari yake. Bahari yetu iko mashariki, lakini mwezi mwandamo hutazamwa magharibi. Kwa mtu wa kisiwani, magharibi ni sisi: Kipevu, Changamwe, Port Reitz. Ni kweli kwamba wakati wa Magharibi anga bado lina mwanga wa jua, na kizuizi kikubwa ni mawingu na ukungu. Lakini taa kali zikikupiga usoni, jicho hupoteza ukali wake kwa uzi ule mwembamba. Suala la kutumia darubini kuthibitisha mwezi ni la wanazuoni na Kadhi Mkuu, silisemei. Ninalosema ni kwamba kwa chombo au bila chombo, atakaye kuona anahitaji upeo usiomchoma macho.

Hakuna anayetaka kurudi gizani. Wakaazi wa Chaani walizihitaji mulika mwizi, na wanajua kwa nini. Rubani anahitaji taa zake na mpakuzi wa meli zake. Lakini taa iliyofunikwa juu, ikaelekea chini, huangaza barabara vizuri zaidi kuliko ile inayomulika mawingu, na haimwachii mwizi kivuli kikali cha kujificha. Taa ya manjano hutawanyika angani kidogo kuliko nyeupe yenye ubuluu. Taa ya duka lililofungwa inaweza kuzimwa. Hata kasa wachanga fukweni hufuata taa za hoteli wakidhani ni bahari. Kaunti inapoweka taa mpya, haya ndiyo ya kuuliza katika vikao vya wananchi, na hayaongezi gharama kubwa.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu Makka, na sisi Mombasa tutaona sehemu ikiliwa, inshallah. Siku hiyo misikiti itaswali swala ya kupatwa kwa jua na watoto watauliza maswali. Itafaa wawe na mtu mtaani mwenye kichujio sahihi na darubini ndogo, anayeweza kuwajibu kwa kuwaonyesha.